Somo la Sita: Nani Anavitunza Viraka vya Kompyuta Yako?

Lengo la somo. Baada ya kulisoma somo hili, mtumiaji ataweza kueleza kiraka cha programu ni nini, kutambua kwa nini namba ya toleo peke yake haitoshi kuonyesha usalama wa kompyuta, na kumuuliza muuzaji maswali yanayofaa kabla ya kulipa.

1. Utangulizi

Anunuaye kanzu huikagua mishono yake. Anunuaye kompyuta hukagua kioo, betri na chaji. Ni wachache waulizao ni nani atakayeishona programu yake siku itakapotoboka. Hata hivyo, hakuna programu isiyotoboka. Kasoro zilizojificha kwa miaka mingi hugunduliwa ghafla, na tangu siku hiyo mwizi naye huzijua. Kompyuta isiyotiwa kiraka kwa wakati humweka mwenyewe katika hatari ya kusomewa barua zake, kufutiwa kumbukumbu zake au kuchukuliwa nywila zake.

Katika somo hili tunazungumzia mfumo wa Linux, ambao umo katika kompyuta mpakato, katika seva zinazotunza kumbukumbu za ofisi na maduka, na katika ruta nyingi za intaneti za majumbani. Mfumo huu hupatikana bure. Lakini bure si sawa na kutohitaji matunzo, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea.

2. Mfumo huu umeundwa namna gani?

Kwa maana halisi, Linux ni jina la kiini cha mfumo, yaani programu inayosimamia kichakato, kumbukumbu na vifaa vya kompyuta. Linus Torvalds alikianzisha kiini hicho mwaka 1991 nchini Ufini. Kiini peke yake hakimtoshi mtumiaji. Zinahitajika pia zana za msingi: ile inayoorodhesha mafaili, inayoyanakili, inayoyafuta, pamoja na programu inayopokea amri na kuzitekeleza, kama vile Bash. Nyingi kati ya zana hizo zilitungwa na mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Hata mtumiaji ambaye hajawahi kuandika amri hata moja huzitumia kila siku, kwa kuwa programu zenye picha na vitufe huziita nyuma ya pazia.

Kiini na zana hizi havimfikii mtumiaji kimoja kimoja. Kuna makundi ya watu na makampuni yanayovikusanya, kuvipanga katika vifurushi na kuvitoa vikiwa mfumo kamili. Sisi tutauita mfumo wa namna hiyo mkusanyo; mafundi huuita distro. Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, ni mkusanyo mmoja. Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004, imejengwa juu ya Debian. Fedora na SUSE ni mingine. Wanaoshughulikia vifurushi ndani ya mkusanyo tutawaita watunzaji, ili tuwatofautishe na watungaji wa asili walioiandika programu.

3. Kwa nini kila mkusanyo una viraka vyake?

Kiraka ni badiliko dogo linaloingizwa katika programu bila kuiandika upya yote. Watunzaji wa mkusanyo huongeza viraka vyao kwa sababu kuu tatu.

Sababu ya kwanza ni mpangilio. Kila mkusanyo una kanuni zake kuhusu mahali pa kuweka mafaili na namna ya kuwasha huduma, na programu iliyotungwa mbali haina budi kurekebishwa ili iafikiane na kanuni hizo.

Sababu ya pili ni mahitaji ya watumiaji ambayo watungaji wa asili hawajayatimiza. Mfano wake ni zana iitwayo cut, ambayo hukata vipande vya maandishi. Kwa miaka mingi zana hiyo ya GNU, ilipoagizwa kuhesabu herufi, ilihesabu baiti. Kwa maandishi ya Kilatini yasiyo na alama za ziada hakuna tofauti. Lakini katika mfumo wa usimbaji wa UTF-8 herufi ya Kiarabu huchukua baiti 2; kwa hiyo mtu aliyehifadhi maandishi ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu angeweza kukatiwa herufi katikati. Fedora na SUSE zilitia kiraka chao wenyewe ili herufi zihesabiwe kama herufi. Hivyo amri moja, yenye jina moja, iliweza kutoa majibu mawili katika mikusanyo miwili.

Sababu ya tatu, na iliyo kubwa kwa mtumiaji wa kawaida, ni usalama. Mkusanyo ulio thabiti haubadilishi matoleo ya programu zake kila mara, ili kazi za watu zisivurugike. Kasoro ya hatari inapogunduliwa, watunzaji huchukua sehemu ile tu inayoiziba na kuishona katika toleo la zamani wanalolihudumia.

Kazi hii haina mwisho. Kila watungaji wa asili watoapo toleo jipya, kiraka cha jana huenda kisikae tena mahali pake. Mtunzaji hulazimika kukipima upya: kama bado kinahitajika, akikate kifuate umbo jipya, kama watungaji wa asili wamekwisha kukipokea, akiondoe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndiyo maana utaratibu wa Debian unahimiza kila kiraka kiandikiwe maelezo yake: kimetoka wapi, kimetungwa na nani, na kama kimepelekwa kwa watungaji wa asili.

4. Mfano wa kwanza: kiraka kilichookoa

Tarehe 24 Septemba 2014 ilitangazwa kasoro katika Bash iliyopewa jina la Shellshock. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu mwaka 1989. Bash ilipopokea taarifa kutoka kwa programu nyingine, iliweza kutekeleza amri iliyobandikwa mkiani mwa taarifa hiyo. Kwa baadhi ya seva za tovuti, jambo hili lilimaanisha kwamba mtu wa mbali, asiye na nywila yoyote, angeweza kuiamuru kompyuta ya mwingine.

Siku hiyohiyo Debian ilitoa kiraka kwa watumiaji wa Debian 7. Kiraka cha kwanza hakikuziba tundu lote, na siku iliyofuata kilitolewa kingine. Baada ya hapo kifurushi cha Bash kilisomeka hivi: 4.2+dfsg-0.1+deb7u3. Msomaji aangalie kichwa na mkia wa namba hiyo. Kichwa, yaani 4.2, ni toleo la watungaji wa asili, na hakikubadilika. Mkia, deb7u3, ndio unaoonyesha masasisho yaliyoongezwa na watunzaji wa Debian 7. Aliyetazama kichwa tu angedhani kompyuta iliyotibiwa bado ni mgonjwa, au kwamba iliyo mgonjwa ni sawa na iliyotibiwa.

Huenda mtu akauliza: je, si afadhali kuweka toleo jipya kabisa kutoka kwa watungaji wa asili? Si lazima. Mwezi Machi 2024 iligunduliwa kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya zana ya kubana mafaili iitwayo xz yalikuwa yametiwa msimbo wa hila kwa makusudi. Debian thabiti haikuathirika, kwa kuwa ilikuwa bado inatumia toleo la nyuma. Upya wa programu haumwambii mnunuzi kama ni salama. Linalompa uhakika zaidi ni kujua kwamba yuko mtu anayeitunza.

5. Mfano wa pili: kiraka kilichodhuru

Haki inatudai tueleze upande wa pili. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian alishughulikia OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za siri za mawasiliano. Chombo cha kukagua programu kilikuwa kikitoa onyo kuhusu mistari fulani ya msimbo. Baada ya kuuliza kwa watungaji wa asili na kutokatazwa, aliiondoa mistari 2. Kwa bahati mbaya, mmojawapo ndio uliokuwa ukiingiza namba zisizotabirika katika utengenezaji wa funguo. Tangu hapo, kwa aina moja ya kompyuta na ukubwa mmoja wa ufunguo, funguo zilizoweza kupatikana zilikuwa takriban 32,768 tu. Idadi hiyo ni kubwa kwa mwanadamu anayejaribu kwa mkono, lakini kwa kompyuta ni kazi ndogo.

Hitilafu hiyo ilitangazwa tarehe 13 Mei 2008, baada ya zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Iliwakumba watumiaji wa Debian na wa mikusanyo iliyojengwa juu yake, ikiwamo Ubuntu. Waliotumia OpenSSL kama ilivyotoka kwa watungaji wake hawakuguswa. Na kiraka cha kurekebisha hakikutosha. Funguo dhaifu zilizokwisha kutengenezwa zilibaki kuwa dhaifu, hata zilipohamishiwa katika kompyuta nyingine, mpaka wenyewe walipozifuta na kutengeneza mpya.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, kiraka cha mkusanyo mmoja kinaweza kuleta kasoro isiyokuwapo kwingine. Kwa hiyo tangazo la usalama linalouhusu mkusanyo wako ndilo unalopaswa kulifuata. Pili, tangazo likikuagiza kufanya jambo zaidi ya kusasisha, kama vile kubadilisha nywila au funguo, agizo hilo ni sehemu ya tiba, na asiyelitekeleza hajapona.

6. Haki yako na maswali ya kuuliza dukani

Kiini cha Linux na zana za GNU hutolewa chini ya leseni ya GPL. Leseni hiyo inamtaka anayesambaza programu hizo, hata ndani ya kifaa, kuwawezesha waliozipokea kupata msimbo chanzo wake, pamoja na mabadiliko aliyoyafanya. Lakini leseni hiyohiyo inasema wazi kwamba programu haina dhamana. Kwa hiyo ahadi ya matunzo isitafutwe ndani ya leseni. Itafutwe kwa muuzaji au kwa mtengenezaji, na iwe ya maandishi. Kabla ya kulipa, uliza:

(a) Kifaa hiki kina mkusanyo gani, na toleo lake ni la ngapi?

(b) Toleo hilo litaendelea kupewa viraka vya usalama hadi tarehe gani? Kwa kawaida matoleo ya muda mrefu ya Ubuntu huhudumiwa kwa miaka 5 tangu yatolewe. Ya Debian hufikia miaka 5 ukijumlisha kipindi cha nyongeza. Miaka huhesabiwa tangu toleo lilipotoka. Haihesabiwi tangu siku uliyonunua.

(c) Masasisho yatatoka moja kwa moja kwa watunzaji wa mkusanyo, au kwa mtengenezaji wa kifaa? Kama mtengenezaji ametia viraka vyake, ni nani atakayevitunza?

(d) Je, yanaweza kujiweka yenyewe, au yatahitaji fundi?

Muuzaji asiyeweza kujibu swali la pili anakuuzia kifaa ambacho muda wake wa usalama haujulikani. Zingatia hili hasa unaponunua kompyuta au ruta iliyokwisha kutumika, kwani bei nafuu huenda ikawa ni bei ya toleo lililokwisha kuachwa.

7. Baada ya kununua

Thibitisha ulichoambiwa. Fungua dirisha la amri, andika `cat /etc/os-release`, kisha soma jina la mkusanyo na toleo lake. Kwa Debian na Ubuntu, amri `apt changelog bash` hukuonyesha historia ya mabadiliko ya kifurushi cha Bash, tarehe kwa tarehe. Kompyuta iwe imeunganishwa na intaneti.

Ruhusu masasisho ya usalama yajiweke yenyewe, na uiwashe upya kompyuta inapokutaka kufanya hivyo. Programu iliyokuwa ikiendeshwa kabla ya kusasishwa huendelea kutumia msimbo wa zamani mpaka ifungwe na kufunguliwa tena.

Usikubali zana za msingi ziondolewe na kuwekwa nyingine kutoka mahali pasipojulikana, hata kama fundi anakuahidi toleo jipya zaidi. Zana hizo hutegemeana, na iliyotoka nje ya mkusanyo haitapokea viraka vya watunzaji wake.

Weka nakala ya mafaili yako kwenye diski nyingine kabla ya kuhamia toleo jipya la mfumo. Muda wa huduma ukikaribia kwisha, hama mapema, kwa maana tundu litakalogunduliwa baada ya hapo huenda lisipate wa kuliziba.

8. Maswali ya kujipima

1. Eleza sababu tatu zinazowafanya watunzaji waongeze viraka vyao katika programu.
2. Jirani yako anasema kompyuta yake si salama kwa sababu Bash yake ni ya toleo la zamani. Utamshauri atazame nini kabla ya kukubaliana naye?
3. Kwa nini kusasisha pekee hakukuwatosha watumiaji wa Debian mwaka 2008?
4. Tafuta tarehe ambayo kompyuta au ruta ya nyumbani kwako itaacha kupata viraka. Iandike kwenye risiti yake, uihifadhi pamoja na nyaraka zako.