Ruzuku kwa Kikundi Chenu cha Ngoma

Kikundi chenu cha ngoma au kwaya hapa Rosettenville kinaweza kuomba ruzuku ya sanaa kwa Tume ya Bahati Nasibu ya Taifa, NLC. Lakini NLC haimpi mtu binafsi. Inakipa kikundi kilichosajiliwa. Basi anzeni na katiba: kurasa chache zinazoeleza kazi yenu, viongozi ni nani, na pesa zitatunzwaje. Ipelekeni Idara ya Maendeleo ya Jamii, mjisajili kuwa asasi isiyo ya faida, yaani NPO. Usajili ni bure. Fomu ya NLC nayo ni bure, kwa hiyo anayetaka randi 500 ili “aisukume” asipewe hata senti. Akaunti ya benki iwe kwa jina la kikundi, si la mwenyekiti. Hapo ndipo watu hugombana. Na tunzeni risiti, hata ya kukodi spika: mtadaiwa hesabu.