Mtoto wa Mbwa Safarini: Mashauri ya Afya kwa Kaya za Bukoba na Muleba

Mwezi wa Desemba ukikaribia, barabara itokayo Biharamulo kupitia Kyamyorwa na Muleba hadi Bukoba hujaa magari ya wenyeji wanaorejea kwao, wengine wakitoka Mwanza, wengine wakiwa wamekwisha kusafiri zaidi ya kilomita 1,300 tangu Dar es Salaam, na katika mizigo yao, baina ya magunia ya mchele na madumu ya mafuta, aghalabu huwamo sanduku lenye mtoto wa mbwa aliyenunuliwa au kutunukiwa, ili akalinde kibanja cha wazazi. Zawadi hiyo ni njema, kwani mzee aliyebaki peke yake katikati ya migomba ana haja ya mlinzi. Walakini mnyama huyo, mdogo kama alivyo, huingia nyumbani na vyote alivyorithi kwa mama yake na vyote alivyookota mahali alipozaliwa, na kwa sababu hiyo safari yake ni jambo la afya ya kaya nzima.

Kisiwa cha Pemba kimetupatia ushahidi ulio wazi. Huko, baada ya mbwa kuchanjwa, kichaa cha mbwa kilikoma mwaka 2014. Kisha mwaka 2016 kikazuka tena, na wataalamu waliofuatilia nasaba ya virusi vyenyewe wakabaini kwamba maradhi yameletwa upya kutoka nje ya kisiwa, hata ikalazimu kampeni za chanjo zirudiwe mpaka yakatoweka kwa mara nyingine. Ikiwa mkondo wa bahari, ambao mbwa hauvuki isipokuwa amebebwa, haukutosha kuvizuia virusi hivyo, barabara ya lami itokayo Biharamulo haitavizuia.

Kabla ya kumchukua

Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki 8, maana aachishwaye mapema hudhoofika, na aliye dhaifu hushindwa na safari. Anayemchukua na aulize, bila kuona haya, kama katika boma lile, au kwa majirani, yumo mbwa aliyeumwa na mbwa mgeni, aliyebadilika tabia ghafla, au aliyekufa kwa namna isiyoeleweka katika miezi ya karibuni. Swali hili si la udadisi. Virusi vya kichaa huweza kukaa mwilini wiki kadhaa, hata miezi, pasipo dalili yoyote, na mtoto wa mbwa anayecheza na kurukaruka leo yamkini ameshaambukizwa. Naye ndiye anayekumbatiwa na kulambishwa mikono kuliko mbwa yeyote mwingine nyumbani.

Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa mbwa afikishapo miezi 3, hurudiwa kama daktari wa mifugo aelekezavyo, aghalabu kila mwaka, na kinga yake haikamiliki siku ile ile ya sindano bali huhitaji majuma kadhaa. Basi mtoto wa wiki 8 husafiri bila kinga. Ushauri wangu, najua ni mzito kwa mwenye haraka ya sikukuu, ni huu: kama inawezekana, mwacheni kwa mama yake mpaka achanjwe na kinga imwingie, mkamchukue katika safari nyingine. Isipowezekana, basi awe na kadi ya daktari wa mifugo yenye kuonyesha aliyopewa na tarehe ya yale yaliyosalia, na afisa mifugo wa mahali mnapotoka aulizwe mapema juu ya kibali cha kumsafirisha mnyama kutoka wilaya moja hadi nyingine.

Jambo la minyoo hupuuzwa mno, ilhali ndilo linalowagusa watoto wetu kila siku. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa na minyoo, waliyoipata wangali tumboni au katika maziwa ya mama yao, nao hutoa mayai yake katika kinyesi. Mayai hayo hukaa udongoni muda mrefu, mtoto wa binadamu akachezea udongo ule na kutia vidole kinywani, kisha viluwiluwi vya minyoo vikatembea mwilini mwake hadi kwenye ini, mapafu, na mara nyingine jicho. Ipo na minyoo mingine, ya aina ya safura, ambayo viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya nyayo zisizo na viatu na kuacha michirizi yenye kuwasha. Dawa ya minyoo huanza kutolewa mtoto wa mbwa akiwa na wiki 2 tu, na kurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi aachapo kunyonya. Muulizeni mwenye mbwa kama alifanya hivyo, na kama hakufanya, atibiwe kabla hajapanda gari, pamoja na kuondolewa kupe na viroboto.

Njiani

Mpeni mlo mdogo muda wa saa 3 hivi kabla ya kuondoka, kisha msimlishe tena mpaka gari litulie. Mwenye kuifahamu njia ya Muhutwe hadi Kamachumu, yenye vilima na kona, anajua kwamba hata watu wazima hutapika. Mtoto wa mbwa hutangulia kutokwa na udenda na kuhangaika, na hiyo ndiyo alama ya kusimama. Mtieni katika sanduku au tenga lenye kupitisha hewa, lisiloyumba, lililotandikwa magazeti na kipande cha nguo alicholalia na mama yake, kwani harufu ile humtuliza. Asifungiwe ndani ya buti, asiwekwe juu ya vyakula, wala asikae mapajani mwa dereva. Mapajani mwa mtoto pia asikae, japokuwa mtoto atalia: mnyama aliyetishwa na honi huuma hata mkono anaoupenda.

Kila baada ya saa 2 simameni apate maji kidogo na kujisaidia, akiwa amefungwa kamba, mbali na stendi na majalala yanakozurura mbwa wasio na wenyewe. Huko ndiko apatapo hata yale maradhi ya kutapika na kuhara damu, ambayo huua watoto wa mbwa wengi kabla hawajachanjwa. Katika mapori ya Biharamulo msisimame bila dharura, maana mbung'o wapo. Na gari likisimama juani, asiachwe ndani na vioo vimefungwa, hata kwa muda wa kununua senene.

Chukueni dumu la maji na sabuni vikae karibu. Anayemhudumia mbwa awe mtu mzima mmoja, anawe mikono kila amgusapo kabla ya kugusa chakula. Kwa jamaa zetu Waislamu, mate ya mbwa yana hukumu yake ya utohara inayojulikana. Mintarafu ya afya, kuosha kwa sabuni na maji mengi ni wajibu wa kila mtu.

Akiuma au akiparua

Lau atamuuma mtu, au kumparua, au kulamba kidonda kibichi, osheni jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15. Msilipake pilipili, wala majivu, wala kulibandika jiwe la nyoka. Kisha mwende hospitali siku ile ile, iwe ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, au Rubya, au Ndolage kwa upande wa Muleba, na mkiambiwa chanjo imekwisha, ulizeni iliko muifuate, wala msirudi nyumbani kungoja. Haijalishi jeraha ni dogo. Dalili za kichaa zikisha kudhihiri kwa binadamu, kuogopa maji na kuweweseka, karibu hakuna aliyepona. Lakini aoshwaye na kuchanjwa mapema huokoka. Mbwa mwenyewe asiuawe na kutupwa, bali afungwe na kuangaliwa siku 10, na afisa mifugo apewe habari. Matibabu ya mtu hayangoji siku hizo.

Mkishafika

Kwa wiki 2 za kwanza mtengeni na mbwa wengine wa nyumbani, alale mbali na jiko, na kinyesi chake kizolewe kila siku na kufukiwa mbali na kisima na bustani ya mboga. Watoto wavae viatu wanapocheza naye. Kabla hamjarudi mjini, mkabidhini mzee kadi ya mbwa pamoja na namba ya simu ya afisa mifugo wa kata, mmwonyeshe tarehe ya chanjo inayofuata, na ninyi wenyewe muiandike, kwa sababu gharama ya chanjo hiyo ni deni la aliyemleta mbwa, si la mzee.