Ini la Bata wa Kushindiliwa

Ndugu mmoja ameuliza: ini la bata la Kifaransa, akichinjwa kwa Bismillahi, ni halali? Tazama kwanza lilivyopatikana. Bata hutiwa mrija kooni, akashindiliwa mahindi mara mbili kwa siku, kama wiki mbili, hata ini likavimba kufikia mara kumi ya asili yake. Na sheria ya Ufaransa ya mwaka 2006 imeliita urithi wa taifa! Mtume (S.A.W.) ametupa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa paka aliyemfunga asimlishe. Yule alinyima, hawa washindilia. Mateso ni mamoja. Nyama yenyewe siiharimishi, maadamu imechinjwa kisharia. Lakini mnunuzi ndiye amlipaye mtesaji. Na kuku wetu wa sokoni, tuwabebao miguu juu, vichwa chini, juani, je?