Hati za Mvita na Injini ya Herufi: Kuchagua Programu ya Kuhariria

Makala haya yanahusu uamuzi ambao wengi wetu huwaachia mafundi: kuchagua programu ya kuandikia. Kwa anayehariri riwaya ya herufi za Kilatini, uamuzi huo una uzito mdogo. Kwa anayehariri shairi lililonakiliwa kwa herufi za Kiarabu katika Mji wa Kale wa Mombasa, hugusa matini yenyewe.

Tuanze na hati. Mashairi ya Muyaka bin Haji yametufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah alishirikiana na W. E. Taylor kuyakusanya katika karne ya 19. Toleo la William Hichens, Diwani ya Muyaka, lililotoka Johannesburg mwaka 1940, lilitumia herufi za Kilatini, na mtindo huo tumeurithi. Sasa, mwandiko wa kale ulitegemea irabu tatu tu za Kiarabu. Kasra ilisomwa i au e. Dhuma ilisomwa u au o. "Lia" na "lea" ziliandikwa namna moja, kadhalika "chuma" na "choma". Mara nyingi hata m na n zinazotangulia konsonanti nyingine ziliachwa. Kwa hiyo mhariri anayegeuza hati kuwa Kilatini huwa amekwisha kukata shauri katika kila mshororo, pengine hata katika kina, na msomaji haoni alikatia wapi. Njia ya haki ni kuchapa matini mbili sambamba: ya hati kama ilivyo, na ya usomaji wa mhariri.

Usomaji huo nao waweza kuandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1997, Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa aliyefundisha London, pamoja na P. J. L. Frankl, walichapisha kanuni za Mombasa za kuandika Kiswahili kwa hati hiyo, zinazotenga e na i, o na u. Katika orodha ya kimataifa ya herufi za tarakilishi, Yunikodi, zipo alama zinazofaa kazi hiyo: alifu ndogo ya chini kwa e, yenye namba 0656, na dhuma iliyopinduliwa kwa o, namba 0657. Programu huria ya Kevin Donnelly, Andika!, hugeuza maandishi ya Kilatini kuwa ya Kiarabu.

Je, alama zikiwapo, tatizo li wapi? Inafaa ieleweke kwamba tarakilishi haihifadhi umbo la herufi, bali namba yake. Be ina namba moja lakini ina maumbo manne: peke yake, mwanzoni, katikati na mwishoni. Anayeteua umbo, akaliunga na jirani yake na kuiketisha irabu juu au chini mahali pake, ni injini ya mpangilio wa matini, ikifuata maelekezo yaliyomo ndani ya fonti. Injini au fonti isiyoifahamu alama ya o huitupa juu ya herufi jirani, au huichorea kiduara cha nukta kana kwamba haina mwenyewe. Mwanafunzi akichoka huiondoa alama, na "choma" hurudi kuwa "chuma".

Kwa muda mrefu programu za ofisi zilitegemea injini ya mfumo endeshi: Windows ilikuwa na yake, Mac yake, Linux yake. Jambo OpenOffice, iliyotolewa na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ilitupa menyu za Kiswahili, hatua ya kusifiwa; lakini chini ya menyu hizo injini zilibaki tofauti. Word ya Mac ya mwaka 2011 haikuweza hata kuunganisha herufi za Kiarabu vizuri.

Mabadiliko yalikuja mwaka 2017, LibreOffice 5.3 ilipoanza kutumia injini moja, HarfBuzz, katika mifumo yote mitatu. (Jina hilo ni la Kiajemi, na "harf" yake ni ile ile iliyotupa "herufi".) Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo ni Khaled Hosny, Mmisri aliyesanifu fonti ya Amiri kwa kufuata herufi za matbaa ya Bulaq, Cairo.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, anayeandika nyumbani kwa Linux, akamtumia msimamizi mwenye Mac, kisha akachapishia katika duka lenye Windows kwenye Barabara ya Digo, atumie LibreOffice. Word ya sasa inaweza kuandika Kiarabu, ila haitumiki moja kwa moja katika Linux. Hata hivyo, injini moja haitoshi iwapo fonti ni tofauti: fonti ikikosekana, tarakilishi huazima nyingine na mishororo huhama. Fonti ipachikwe ndani ya faili. LibreOffice ina chaguo hilo katika sifa za waraka. Vipande vya mshororo viwekwe katika jedwali linaloanzia kulia, visisukumwe kwa nafasi tupu.

Kabla ya kunakili ubeti wa kwanza, andika "chombo" na "pembe" kwa kanuni za Mombasa, herufi kwanza kisha alama yake, uzifungue katika tarakilishi zote zitakazotumika. Kisha litafute neno "chombo" ndani ya faili hiyo. Lisipopatikana, pengine ulichoandika ni picha ya neno tu.