Kabla ya Kulipia Mazabodi, Ijaribu na Linux

Muda wa kawaida wa msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani sana. Kwa Intel, kwa ujumla ni kizazi cha nane kwenda juu. HP na Dell nyingi za mitumba zilizojaa maofisini na kwenye stesheneri hazifiki hapo. Kwa mwenye kompyuta ya namna hiyo pale Mollo au Sumbawanga mjini, mfumo endeshi wa Linux ni wa bure, ni halali na unafanya kazi vizuri. Programu huria si ngeni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili.

Shida huanza mtu anapotaka kubadilisha na mazabodi, yaani ubao mama, kwa pigo moja. Kifaa kilichoagizwa Kariakoo husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kufika Sumbawanga, na kikigoma, gharama ya kukirudisha ni yako. Kwa hiyo uchunguzi ufanyike kabla fedha haijatoka.

Mazabodi karibu zote za Intel na AMD huwaka na Linux. Kinachogoma mara nyingi ni chipu zilizo juu yake: ya mtandao wa waya, ya Wi-Fi, ya sauti. Tena mazabodi mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na chipu tofauti, kama toleo moja ni rev 1.0 na jingine rev 2.0. Muulize muuzaji namba kamili ya modeli pamoja na hiyo rev. Huwa imechapwa kwenye ubao wenyewe.

Umri nao una maana. Chipu ya mtandao RTL8125B, kwa mfano, ilianza kutambuliwa na kerneli (kiini cha Linux) 5.9 ya mwaka 2020, hivyo Linux ya kabla ya hapo haitaiona. Mazabodi mpya ipewe Linux mpya. Linux Mint 22 ya mwaka 2024 ilitoka na kerneli 6.8, na toleo lake la Xfce linatosheka na RAM ya GB 4.

Kipimo cha uhakika ni flashi. Pakua Mint mara moja, ni karibu GB 3, iandike kwenye flashi, kisha flashi hiyohiyo izunguke kwa majirani. Mwombe muuzaji aiwashe mazabodi kwa Linux ya kwenye flashi bila kusakinisha chochote, afungue terminali, aandike `lspci -nn`, akutumie picha ya skrini. Kila kifaa kitaonyesha namba: 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom. Wi-Fi ya Broadcom iangalie kwa makini, kwani nyingi hudai draiva ya ziada inayopakuliwa baadaye. Apige pia muziki na achomeke waya wa mtandao. Muuzaji akikataa jaribio la dakika kumi, tafuta mwingine.

Umbo nalo linakamata wengi. Dell OptiPlex na HP EliteDesk nyingi hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kutoka kwenye pawa saplai, hivyo mazabodi ya dukani inaweza kukulazimisha kununua pawa saplai na kasha jipya pia. RAM ya DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5, na prosesa lazima ilingane na soketi.

Diski isipoonekana wakati wa kusakinisha, usiilaumu mazabodi mara moja. Ingia BIOS uone kama imewekwa RAID; ibadilishe iwe AHCI. Hifadhi mafaili yako kwanza, maana Windows iliyomo inaweza kukataa kuwaka baada ya hapo.

Ushauri wangu, hata hivyo, ni kuanza na vitu vidogo. Kompyuta inayosahau tarehe kila umeme ukikatika huenda inahitaji betri ya CR2032 tu. Inayokwenda polepole, iwekee SSD na uiongezee RAM kabla ya kugusa ubao. Na Wi-Fi ikigoma baada ya kusakinisha, unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, kisha pakua draiva kupitia hapo.