Ugonjwa wa Marek: Saratani ya Kuku

Somo la mwezi huu ni la wafugaji wa kuku, hasa wale wanaonunua vifaranga wa kutaga. Lahusu ugonjwa unaowaua tembe, yaani kuku majike ambao bado hawajataga, wakati ule mwenyewe anapongoja yai la kwanza. Jina lake ni ugonjwa wa Marek. Hauna dawa, lakini una kinga, na kinga hiyo yafaa itolewe siku ile ile kifaranga anapoanguliwa. Kwa hiyo lisome somo hili kabla ya kununua vifaranga, si baada ya kuona mizoga.

Hasara yake

Hebu tupige hesabu. Tuseme umenunua vifaranga 200. Kufikia umri wa majuma 18, tembe mmoja huwa amekula kiasi cha kilo 6 za chakula. Wakifa 30 katika umri huo, kilo 180 za chakula zimekwenda pamoja nao, yaani zaidi ya magunia 3 na nusu ya kilo 50. Hapo hatujahesabu bei ya vifaranga, makaa ya kuwapasha joto, wala kazi ya miezi minne. Na yai hata moja hujaliona. Kifaranga akifa siku ya 3, umepoteza kifaranga. Tembe akifa mlangoni pa kutaga, umepoteza kifaranga na kila alichokula.

Dalili za nje

Mara nyingi ugonjwa huonekana kati ya majuma 12 na 24, ingawa waweza kuanza mapema zaidi. Angalia mambo haya:

1. Kuku huchechemea, kisha hushindwa kusimama. Hulala ubavu, mguu mmoja umenyooka mbele na wa pili umenyooka nyuma. Hii ndiyo alama mashuhuri kuliko zote.
2. Bawa moja hulegea na kuburura chini, au shingo hupinda.
3. Jicho hugeuka rangi na kuwa la kijivu, na mboni yake haiwi mviringo tena. Kuku huyo huwa kipofu.
4. Gole hujaa na kulegea, chakula hakishuki. Kuku hukonda mpaka mfupa wa kifua ukachongoka kama kisu.
5. Wengine hawaonyeshi lolote ila kukonda na kupauka kilemba, kisha hufa.

Hawafi wote kwa siku moja. Leo mmoja, kesho kutwa wawili, na hivyo hivyo kwa majuma mengi. Ndiyo sababu mfugaji hudanganyika. Huona mguu mbovu akadhani kuku amekanyagwa na wenziwe, akamtia dawa katika maji, akangoja. Fedha ya dawa hupotea bure, na kuku hufa vile vile.

Mzoga ni mwalimu

Dalili za nje hutuonyesha mguu, lakini ubaya wenyewe hauko mguuni. Uko ndani. Daktari wa mifugo anapompasua kuku wa namna hii, hutazama kwanza neva nene ipitayo chini ya misuli ya ndani ya paja. Neva ni ule uzi upelekao amri kutoka uti wa mgongo mpaka mguuni. Katika kuku mzima, neva za mapaja mawili hulingana unene, ni nyeupe, zang'aa, na zina mistari myembamba iliyokata kwa upana. Katika kuku mwenye ugonjwa wa Marek, mara nyingi neva moja huwa imevimba mara 2 au 3 kuliko mwenzake, imegeuka rangi ya kijivu au manjano, na mistari yake imepotea. Basi hapo utajua kwa nini mguu mmoja ulikwenda mbele na mwingine nyuma: amri haifiki.

Kisha daktari hutazama ini, wengu, figo, mapafu, moyo na kifuko cha mayai. Ini laweza kuwa kubwa mno, lina madoa au vinundu vyeupe vya kijivu. Hivyo vinundu si usaha, wala si jipu. Ni nyama iliyojiotea yenyewe pasipo mpango, na hiyo ndiyo iitwayo saratani.

Jinsi unavyoanza

Ugonjwa huu huletwa na virusi, vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa darubini ya kawaida. Virusi hivi hukomaa katika vishimo vya ngozi ambamo manyoya huota, kisha hutoka pamoja na ukoga wa ngozi na vumbi la manyoya. Kuku mwingine akivuta vumbi hilo kwa pumzi, ameambukizwa. Vumbi la banda laweza kukaa na virusi vilivyo hai kwa miezi mingi, hata kama kuku wote wamekwisha kuondolewa.

Vikisha kuingia mapafuni, virusi hushika chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili. Baadhi ya askari hao huasi. Badala ya kulinda, huzaana bila kikomo na kujazana katika neva, katika ini na penginepo. Huo ndio uvimbe tuliousema.

Virusi havipiti ndani ya yai. Kifaranga hutoka katika ganda akiwa safi, na huambukizwa na vumbi la banda au la kuku wakubwa. Jambo hili likumbuke sana, kwa maana ndilo mlango wetu wa kuukinga ugonjwa.

Magonjwa yanayofanana nao

Usikimbilie kusema kila kuku kiwete ana Marek.

Kukosa vitamini B2 hupata vifaranga wa majuma ya kwanza. Vidole vyao hujikunja kwa ndani. Hao, wakipewa vitamini mapema, huweza kupona.

Kideri, ndio Newcastle, huja kwa ghafula na kuua wengi kwa siku chache. Kuku hupumua kwa shida, huhara kijani, na wengine hupinda shingo.

Leukosi nayo ni saratani ya kuku, lakini kwa kawaida huwapata waliopita majuma 16, neva zao hazivimbi, na huweza kupita katika yai. Haina chanjo.

Kifua kikuu cha ndege huweka vinundu katika ini na matumbo, lakini hasa katika kuku wazee waliopita mwaka mmoja.

Yaonekana basi kwamba macho peke yake hayatoshi. Kipande cha neva au cha ini hukatwa na kutazamwa kwa darubini katika maabara. Makao makuu ya maabara za mifugo yako Kabete, na ziko nyingine za mikoani, kama Karatina, Nakuru, Eldoret, Kericho na Mariakani. Afisa wa mifugo wa wadi yako atakuelekeza iliyo karibu.

Ukipeleka, fanya hivi. Peleka kuku 2 au 3 walio wagonjwa lakini wangali hai, pamoja na mzoga uliokufa siku hiyo hiyo. Mzoga utie katika mifuko 2 ya plastiki, uweke penye baridi, lakini usiugandishe kwa barafu, maana nyama iliyoganda huharibika na darubini haioni kitu. Andika katika karatasi umri wa kuku, idadi yao, wangapi wamekufa kila siku, chanjo walizopewa na mahali ulipowanunua. Karatasi hiyo ina thamani sawa na mzoga wenyewe.

Onyo: kuku wakifa wengi kwa ghafula, usiwapasue mwenyewe. Yako maradhi ya ndege yanayoweza kumpata mtu. Mwite daktari kwanza. Marek yenyewe haimpati mtu, lakini nyama ya kuku aliyekonda na kuota vinundu si ya kula wala ya kuuza. Mchome au umfukie chini sana, mbwa wasimfukue.

Chanjo ilivyopatikana

Mwaka 1907, huko Budapest katika nchi ya Hungaria, daktari wa wanyama József Marek aliandika habari za majogoo waliopooza. Ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Lakini ilipita miaka 60 kabla chanzo chake kujulikana. Mwaka 1967, A. E. Churchill na P. M. Biggs, wa kituo cha utafiti wa kuku cha Houghton nchini Uingereza, walitoa habari za virusi walivyovipata. Miaka michache baadaye chanjo zikaanza kutumika. Chanjo moja inayotumika sana hutokana na virusi vya bata mzinga, ambavyo ni ndugu wa virusi vya Marek lakini havimdhuru kuku. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kwa wataalamu kuweza kuzuia saratani ya mnyama wa aina yo yote kwa chanjo.

Namna ya kuwakinga kuku wako

1. Nunua vifaranga waliochanjwa siku 1 baada ya kuanguliwa, kwa sindano chini ya ngozi ya shingo, au waliochanjwa wangali ndani ya yai. Muulize mwuzaji na umtake aandike katika risiti. Kifaranga wa bei ya chini asiyechanjwa aweza kukugharimu zaidi kuliko wa bei ya juu.
2. Ukiangua mwenyewe, panga na daktari wa mifugo kabla mayai hayajafika siku ya 21. Chanjo huletwa katika chupa ya kuku wengi, na ikisha kuchanganywa haina maisha marefu: itumike katika muda wa saa 1 hivi, isiachwe juani. Majirani 4 au 5 wakiangua siku moja waweza kushirikiana chupa moja.
3. Chanjo huhitaji kiasi cha juma 1 au zaidi kabla ya kupata nguvu. Virusi vikimtangulia, chanjo imechelewa. Kwa hiyo walee vifaranga mbali na kuku wakubwa. Wahudumie vifaranga kwanza asubuhi, kisha wakubwa, na uwe na viatu vya kila banda.
4. Kabla ya kundi jipya, ondoa maranda yote ya zamani, fagia vumbi hata la darini na la wavu wa dirisha, osha kwa maji na sabuni, kisha nyunyiza dawa ya kuua vijidudu.
5. Usichanganye kuku wa umri mbalimbali katika banda moja.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Chanjo huzuia uvimbe, lakini haizuii virusi kuingia mwilini. Kuku aliyechanjwa aweza kuwa mzima kabisa, anataga, na huku vumbi lake lina virusi. Ukimweka kifaranga asiyechanjwa karibu naye, umemtia hatarini. Basi ama chanja wote, ama watenge. Na kuku aliyeugua hubeba virusi maisha yake yote. Usimpeleke sokoni ukamwuzia jirani msiba wako.

Twasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ugonjwa huu, ufa huzibwa siku ambayo kifaranga angali mbichi wa ganda. Anapolala mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, ukuta umekwisha anguka.

Maswali ya kujijaribu

1. Kwa nini kuku mwenye Marek hulala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma?
2. Virusi hupita kwa njia gani kutoka kuku hadi kuku? Je, hupita katika yai?
3. Kwa nini mzoga wa kupeleka maabara usigandishwe?
4. Jirani yako ana kuku waliochanjwa, wote wazima. Je, ni salama kuweka vifaranga wako wasiochanjwa pamoja nao? Eleza sababu.
5. Kabla ya kulipia vifaranga wako wanaofuata, utamwuliza mwuzaji nini?