Utumbo, Chakula na Pumu kwa Watu Wazima

Pumu ni maradhi ya njia za hewa. Kuta za njia hizo huvimba kwa ndani, misuli yake hujikaza na ute huzidi. Ndipo mgonjwa hukohoa, hubanwa na kifua na hupumua kwa mlio kama wa mluzi. Wengi hudhani kuwa ni maradhi ya utotoni. Sivyo: pumu huweza kuanza ukubwani, hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuugua kifua.

Utumbo unahusikaje?

Katika utumbo mpana huishi matrilioni ya bakteria, na wengi wao si maadui. Hula nyuzinyuzi za chakula ambazo mwili wenyewe hauwezi kuzimeng'enya, kisha hutoa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi, kama vile butirati na propionati. Asidi hizo huingia katika damu na husaidia kuzituliza chembe za kinga, ambazo zikichachamaa ndizo zinazovimbisha njia za hewa.

Mwaka 2014 watafiti wa Uswisi walionesha kwamba panya waliolishwa nyuzinyuzi nyingi walipata uvimbe mdogo zaidi wa mzio mapafuni. Mwaka 2019 watafiti wa Australia walichapisha jaribio la watu wazima wenye pumu waliopewa inulini, aina ya nyuzinyuzi, kwa siku 7. Pumu yao ikaonekana kudhibitika vizuri zaidi. Jaribio hilo lilikuwa dogo. Linatia moyo, lakini halithibitishi kwamba chakula huponya pumu.

Mambo ya kufanya nyumbani

Maharage, kunde, mbaazi, dengu, bamia, mchicha, matunda na unga usiokobolewa vina nyuzinyuzi, na vyote hupatikana katika masoko ya Muscat. Viongezwe kidogo kidogo, pamoja na maji ya kutosha, ili tumbo lisijae gesi. Tende nazo zina nyuzinyuzi, ila mwenye kisukari azile kwa kipimo. Mtindi na laban ni chakula chema. Si dawa ya pumu.

Antibiotiki huua bakteria wabaya na wema pamoja. Haziui virusi vya mafua, ambavyo mara nyingi ndivyo vinavyochochea shambulio la pumu. Zitumiwe kwa agizo la daktari tu. Vidonge vilivyobaki kwa jirani visiguswe.

Hatari kubwa

Mgonjwa aliyeanza kula vizuri huweza kujiona mzima na kuacha dawa ya kuvuta ya kila siku. Uvimbe hurejea kimyakimya. Siku vumbi la jangwani linapotanda, au mafua yanapomkuta, pumzi humwisha ghafla. Kwa hiyo dawa isiachwe wala isipunguzwe bila ya ushauri wa daktari.

Moshi wa udi na ubani nao uangaliwe. Utafiti uliofanywa Oman kwa watoto ulionesha kwamba bukhuri huchochea mlio wa kifua kwa wenye pumu, ingawa haukuona kuwa ndiyo inayoleta pumu. Kumfukizia mgeni ni heshima. Kumuuliza kwanza kama kifua chake kinastahimili ni heshima zaidi.

Mwezi wa Ramadhani

Mgonjwa amwone daktari kabla ya mwezi kuandama. Dawa ya kuvuta mara mbili kwa siku aghalabu huweza kupangwa wakati wa futari na wa daku. Akibanwa mchana, atumie dawa ya dharura mara moja. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Kuhifadhi uhai hakungoji magharibi.

Dalili za hatari

Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi, mwenye midomo iliyogeuka rangi, au asiyepata nafuu kwa dawa ya dharura, apigiwe simu 9999 bila ya kuchelewa.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Ni chakula gani chenye nyuzinyuzi ambacho familia yetu imekiacha tangu kuhamia mjini?
2. Kila mtu nyumbani anajua dawa ya dharura ya mgonjwa wetu inapowekwa?
3. Ni nani atakayepiga simu iwapo mgonjwa hawezi kusema?